Kona Isiyo na Mtu

Tulimwacha Chapuchapu ofisini kwa meneja, mlango umefungwa nyuma yake, funguo za stoo ya sabuni ziko mezani, na habari mbili zimemwingia masikioni kwa mpigo mmoja. Ya kwanza: kuanzia sasa yeye ndiye msimamizi wa chumba cha pasi. Ya pili: kesho, kabla kazi haijafungwa, alete jina la mtu mmoja wa kuondoka.

Meneja alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililomchanganya Chapuchapu kuliko yote.

"Mbona hukai?" alisema meneja. "Hii ni habari njema."

"Ipi kati ya hizo mbili, bosi?"

Meneja alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. Wafanyakazi wa kile kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli walimwita Miwani, naye alijua, na hakuwahi kukasirika. Alianza kueleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa.

Tajiri aliyenunua kiwanda miezi michache iliyopita alikuja juzi mchana. Alisimama pale pale kwenye kioo cha ofisi, akatazama chumba cha pasi. Kwenye rola, ile mashine ya kupigia pasi mashuka, panatakiwa watu sita. Yeye aliona watano, na mashuka yanatoka kama maji ya bomba. Akauliza huyo wa sita anafanya kazi gani. Basi tangu hapo hakuna namna, lazima mmoja apungue. Miwani aliona ni heri jina litoke kwa mtu wa ndani, anayewajua wenzake, kuliko litoke kwa tajiri anayepita tu na gari lake.

"Nimekuchagua wewe kwa sababu nakuamini," alimalizia, akazisukuma funguo zile juu ya meza.

Chapuchapu akazipokea. Kwa nini alizipokea, mwenyewe hakujua. Miaka yote pale kiwandani mikono yake imezoea kudaka kinachosukumwa upande wake, na jina lake la utani lilitokana na hilo.

Akatoka na funguo kwenye mfuko wa aproni, na moyoni neno moja tu. Watano.

Wa sita alimjua vizuri. Alikuwa wifi yake.

Mama Pacha, mke wa kaka yake, ndiye aliyesimama naye kwenye rola, uso kwa uso, kila mmoja na kona yake ya shuka. Kaka mtu alianguka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika nyonga, na sasa alikuwa amelazwa hospitali ya mtaa wa pili. Wauguzi wa wodi ile ni wachache, wagonjwa wamejaa mpaka kwenye ujia. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana Mama Pacha alivua aproni, akapita lango la matoroli, akaenda kumwosha mumewe, kumlisha na kumgeuza, kisha akarudi mbio kabla ya shehena ya mwisho.

Na kona yake je?

Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wa chumba kile. Shuka la kitanda kikubwa halilishwi kwenye rola na mtu mmoja. Wawili hulinyoosha, kila mmoja kona yake, na kulipeleka kwenye vyuma vya moto kwa mwendo ule ule. Wawili wengine hulipokea upande wa pili, na wawili hukunja. Mmoja akikosekana kwenye kulisha, mkunjaji huacha meza akasimama mahali pake. Wapokeaji husaidia kukunja. Na Mzee wa Boila, ambaye kazi yake ni kutazama moto na mvuke tu, akiona mlima wa mashuka unakua, hufuta mikono na kuja kukunja foronya huku akilaani uzee wake. Desturi hiyo waliiita kushikia kona. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Ulianza kazi pale ukaikuta, kama ulivyoikuta misumari ya kutundikia nguo.

Walimshikia Mama Pacha kona kwa ustadi mpaka wakaanza kujisifu. Mzee wa Boila alikuwa akisema hata kivuli cha Mama Pacha kimeshaajiriwa. Nyuma ya kioo, kila baada ya chakula, walimwona Miwani akigeuza kiti na kuelekea ukutani, shingo tu ikionekana, nao walikonyezana. Bosi kalala tena. Bosi anaota sabuni.

Sasa Chapuchapu, akiwa amesimama katikati ya joto na kelele, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Walikuwa wamemficha wifi yake vizuri mno. Wamemficha mpaka hahitajiki.

Macho yote yalikuwa kwake. Akasema bosi alitaka kujua habari za sabuni. Mzee wa Boila akajibu kwamba sabuni iliyozungumzwa muda wote huo lazima ilikuwa ya kuogea, tena ya manukato. Watu wakacheka. Chapuchapu hakucheka, na wale waliomjua wakaacha kucheka kabla ya wengine.

Mama Pacha alikuwa ameshavua aproni, chupa ya chai iko kwapani. Chapuchapu akamshika mkono, akamvuta nyuma ya matoroli.

"Leo usitoke, wifi."

"Nani atamgeuza kaka yako? Wewe?"

"Leo tu. Nisikilize."

"Jana hakuna aliyemgusa mpaka nilipofika. Mgongo umeanza kuchubuka. Mgongo wa kaka yako huo, si wa jirani."

Chapuchapu akatafuta la kusema. Angesema ukweli, Mama Pacha angebaki, na mgonjwa angebaki amelalia kidonda. Angenyamaza, Mama Pacha angetoka, na Tajiri angeweza kutokea wakati wowote. Wakati anatafuta, wifi yake alishateremsha macho kwenye mfuko wa aproni. Funguo zile zilikuwa na pete nyekundu ya mpira. Hakuna mtu kiwandani asiyeijua.

"Hizo ni za stoo," alisema Mama Pacha.

"Nitakueleza."

"Kumbe. Umepewa leo, na umeanza na mimi."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Alifunga viatu vyake vya barabarani, akaiweka chupa sawasawa.

"Nikirudi utaniambia kama nimechelewa, msimamizi."

Akatoka.

Habari ya pete nyekundu ilizunguka chumba kabla mlango haujatulia. Mpokeaji mmoja, kijana mrefu aliyekuwa akimwita dada, sasa alimpisha njia kwa heshima aliyoitia chumvi. Mwenzake aliuliza, kwa sauti ya kusikika, kama wataruhusiwa kunywa maji. Chapuchapu akayameza yote.

Kisha akaja Bi Mkunjaji. Alikuwa mkubwa kuliko wote, mwanamke aliyekunja mashuka tangu wengine hawajaanza shule, na siku hizi mikono yake iliamka polepole. Alijifanya anatafuta foronya iliyopotea, akasogea mpaka bega likagusa bega.

"Mwanangu, kuna mtu anaondoka, siyo?"

Chapuchapu akaendelea kunyoosha shuka.

"Funguo zikibadilisha mkono hapa, siku zote kuna anayetoka," aliendelea yule mama. "Kama ni mimi, niambie wewe. Nisisikie kwa yule wa kwenye kioo. Najua mikono yangu imekuwa mizito. Ila sina pengine pa kuipeleka."

"Si wewe, mama."

Maneno yakatoka kabla hayajapimwa. Bi Mkunjaji akaitikia kwa kichwa, akarudi mezani kwake akiwa ameinuka kidogo mabega. Na Chapuchapu akabaki na ahadi mkononi, bila kujua ataitimiza vipi. Kama si huyu, na si wifi yake, basi ni nani?

Akamfanyia ishara Mzee wa Boila apunguze mvuke. Rola ikanguruma chini chini. Akawaita wote, akawaambia kila kitu: Tajiri, kioo, watano, jina, kesho.

Kisha wakasema wote pamoja. Yule kijana mrefu alikumbusha siku boila ilipopasuka, sikukuu imekaribia, hoteli zimejaa, nao wakafua mashuka kwa mikono kwenye mabeseni mpaka vidole vikakunjana kama zabibu kavu. Hakuna aliyewalazimisha. Mwenzake akasema walidhani siku ile imewekwa mahali. Kwamba bosi anayo moyoni, na siku wakiwa na shida ataitoa. Hivi kumbe bosi alikwisha kuisahau?

"Hakuisahau," alisema Mzee wa Boila. "Si alitupa soda? Ile soda ndiyo ilikuwa mwisho wa maneno. Sisi tukainywa tukadhani ni mwanzo."

Hapo ndipo Chapuchapu alipotoa shauri lake. Lilimjia akiwa amesimama pale, hakulipika popote.

"Leo hakuna kushikia kona. Kona ya Mama Pacha ibaki wazi. Bosi aone shimo lilivyo."

Mzee wa Boila akauliza, na bosi akitaka kujua mwenye kona yuko wapi?

"Tutamwambia ana mgonjwa. Kujulikana hayupo ni hatari. Lakini mpaka sasa wanaona hata akiwepo ni bure, na hilo ndilo linalomfukuza."

Walitazamana. Bi Mkunjaji, ambaye mguu wake ulishaanza kwenda kwenye kona kwa mazoea, akaurudisha.

Mvuke ukapanda. Chapuchapu akalisha peke yake.

Shuka la kwanza liliingia upande, likajikunja kama bahasha. La pili likavutwa na kona moja, likazunguka chuma, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumba. Ikabidi rola izimwe. Wakalitoa kwa vijiti, likiwa na doa la kahawia katikati. Wakawasha tena. La tatu likaenda mbele kidogo likakwama. Matoroli yakaanza kupanga foleni. Wapokeaji walisimama mikono kiunoni, wakitazama mashine isiyowapa kitu, na ni wazi walikuwa wanateseka. Ni vigumu kwa mtu anayejua kazi kusimama akaitazama ikiharibika.

Dereva wa hoteli aliingia kutoka uani. Gari lake lilikuwa tupu na wageni wake walikuwa njiani, na alitaka kujua kama wageni hao walalie magazeti. Wakamwambia asubiri. Akatoka nje akiwa na simu sikioni.

Chapuchapu hakujali dereva anampigia nani. Jicho lake lilikuwa kwenye kioo. Kiti cha ofisini kilikuwa kimegeukia ukuta kama kawaida. Harufu ya kuungua ilipopenya huko, kiti kikazunguka.

Miwani akatoka.

Kila mmoja alijiandaa kwa makelele. Kijana mrefu alikuwa na jibu lake tayari mdomoni. Lakini Miwani hakusema na mtu. Alitazama lile doa la kahawia, akatazama foleni ya matoroli, akatazama mahali palipokuwa wazi. Akavua saa, akaitia mfukoni. Akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Akaenda kusimama kwenye kona ya Mama Pacha.

"Washa, mzee," alimwambia Mzee wa Boila.

Wakalisha, bosi upande ule, Chapuchapu upande huu. Mashuka mawili ya mwanzo bosi aliyavuta mno. La tatu likanyooka. Wapokeaji wakanyoosha mikono, na kwa mara ya kwanza tangu mchana ugeuke, kitu cheupe kilicholainika kikawafikia. Rola ilikuwa na kelele kiasi kwamba walioshika kona tu ndio walioweza kusikizana.

"Yuko hospitali," alisema Miwani.

Kidogo kona imponyoke Chapuchapu.

"Najua tangu wiki ya kwanza," aliendelea. "Hujawahi kujiuliza kwa nini nageuza kiti?"

"Tulijua unalala."

Mikono ya Miwani ilikosea mwendo, akairekebisha.

"Mlidhani nalala?"

"Tulikuwa tunakucheka, bosi. Samahani."

Miwani akalisha mashuka mengine kadhaa. Halafu akaanza kueleza, macho yake yakifuata kitambaa. Kanuni ya kiwanda inasema anayetoka saa za kazi amejifukuza. Angemwona Mama Pacha akitoka, angepaswa kumwandikia barua ya kumfukuza. Kwa hiyo aliamua asimwone. Kila siku baada ya chakula alizunguka akaelekea ukutani, akasoma tangazo la namna ya kuzima moto, mpaka akalikariri, mpaka akawa analiota. Hakuwa na shaka kwamba wanaelewa. Na alipowasikia wanavyojituma, Bi Mkunjaji akiacha meza kwenda kwenye kona, Mzee wa Boila akikunja foronya, alijua hilo ndilo jibu lao.

"Nilijua mnanishukuru," alisema.

"Hatukuwa tunakushukuru wewe. Tulikuwa tunamshikia Mama Pacha."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, bosi."

Miwani alifikiri. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu aliyefika nyumbani akakuta vyombo vimepangwa tofauti.

"Basi na lingine nikwambie," alisema. "Tajiri hakugundua mwenyewe. Ni mimi nilimwambia. Aliniuliza watu wangu wakoje, nikamwambia hawa ni kama ndugu, mmoja akipungua huwezi hata kujua. Akaja kuona."

"Ulimwambia wewe?"

"Nilikuwa nawasifu."

Na alisema kweli. Alikuwa anawasifu. Mtu alisimama mbele ya mwenye mali akajivunia watu wake kwa moyo mweupe, na mwenye mali akasikia hesabu.

Chapuchapu alivuta pumzi ya joto. Akamwambia basi arudishe maneno yake. Ameona mwenyewe leo, kwa mikono yake, kwamba bila wa sita mashuka yanaungua. Amwambie Tajiri hivyo.

Miwani akatikisa kichwa. Tajiri hatazami mashuka, anatazama vichwa. Jina lisipotoka kesho, atachagua mwenyewe, na atachagua yule asiyemwona. Ndiyo maana yeye aliharakisha kumpa Chapuchapu zile funguo. Ili jina la wifi yake lisitajwe. Ili litajwe lile lingine.

"Lipi lingine?"

Miwani akaonyesha kwa kidevu. Bi Mkunjaji alikuwa amewapa mgongo, analainisha foronya kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani.

"Amechoka," alisema Miwani. "Hata yeye anajua. Nilidhani kule ofisini tumeelewana."

"Hatukuelewana kitu."

"Ulichukua funguo."

Kwa Chapuchapu zile zilikuwa funguo tu. Kwa mwenzake yalikuwa makubaliano, yametiwa muhuri, yamekwisha. Na ubaya ni kwamba Miwani alimtazama kwa macho ya wema, ya mtu aliyefanya lililo ndani ya uwezo wake na anasubiri tu kuambiwa asante.

Nje, gari likasimama. Si gari la hoteli.

Dereva wa hoteli alikuwa amempigia simu Tajiri, na Tajiri hakuwa mbali.

Aliingia kwa mlango wa ofisini. Alikuwa mtu mfupi, amevaa vizuri, mwenye sauti ya upole ambayo ilikulazimisha usogee ili umsikie. Alikuja akitarajia kukuta msiba. Akakuta foleni ya matoroli imepungua nusu, dereva anapakia gari, na shuka linatoka kwenye rola limenyooka kama karatasi. Akasimama akatazama. Akatoka, akarudi ofisini, akafungua mlango, akachungulia, akaufunga. Akaja tena.

"Ofisini hakuna mtu," alisema.

"Niko hapa, mzee," alijibu Miwani bila kuachia kona. "Tulipata tatizo dogo, nikaona nisaidie."

"Nimeona. Nimepiga simu ya ofisini mara nyingi, haikupokewa. Nikasema leo kiwanda kimesimama." Akaangalia gari la hoteli likijaa. "Kumbe kinakwenda."

Uso wake ukafunguka, kama mtu aliyetafuta kitu chumba kizima kumbe amekikalia.

"Nilikuwa natafuta mtu wa ziada kwenye rola," alisema. "Kumbe yuko nyuma ya kioo."

Hakuna aliyecheka, maana hakuwa anatania. Akauliza msimamizi mpya ni nani. Hakuna aliyetaja, lakini macho ya watu wote yalikwenda mahali pamoja, naye akayafuata. Akamsogelea Chapuchapu, akamuuliza, kwa heshima kabisa, kama anaweza kupanga zamu. Chapuchapu akasema anaweza. Kama anaweza kuagiza sabuni na kuongea na watu wa hoteli. Akasema anaweza, maana siku nyingi ndiye aliyeongea nao, Miwani akimwachia.

"Basi nijibu neno moja, sihitaji mengi. Huyu bwana, pale ofisini, anahitajika au hahitajiki?"

Mzee wa Boila alishika gurudumu la mvuke bila kulizungusha. Bi Mkunjaji aliacha kukunja.

Miwani hakutetereka. Alimtazama Chapuchapu ng'ambo ya shuka, na uso wake ulikuwa ule ule wa ofisini, wa mtu ambaye hana wasiwasi kwa sababu anajua wameelewana. Alikuwa amemfichia wifi yake. Alikuwa amempa cheo. Sasa alisubiri, bila haraka, zamu yake ya kushikiwa.

Chapuchapu aliufikiria mgongo wa kaka yake. Akaifikiria ile mikono mizito isiyo na pengine pa kwenda. Akafikiria pia tangazo la moto lililosomwa kila siku na mtu asiyetaka kuona. Vyote vitatu vilikuwa kweli, na alitakiwa kuvitia ndani ya neno moja.

"Hahitajiki," alisema.

Miwani alikuwa na shuka nusu limeingia. Akalisindikiza mpaka mwisho, lisiharibike. Kisha akateremsha mikono ya shati, mmoja baada ya mwingine, akafunga vifungo.

"Ufunguo wa ofisi uko kwenye droo ya juu," alimwambia Chapuchapu. "Huwa unakwama. Uinue kidogo."

Akaenda kuchukua koti lake. Hakuaga mtu, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumuaga.

Ndani ya Chapuchapu kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Mmoja ametoka. Si wifi yake. Si Bi Mkunjaji. Vichwa vimepungua kama ilivyotakiwa, na chumba cha pasi kimebaki kizima.

Tajiri alikuwa anazungumza. Kesho asubuhi Chapuchapu ahamie ofisini, na meza igeuzwe ielekee kile kioo, yeye anapenda msimamizi anayeona. Hana kanuni nyingi. Ana moja tu. Mtu akitoka kazini saa za kazi, kazi hiyo si yake tena, na msimamizi atakayemfichia atamfuata huko huko aliko. Je, wameelewana?

"Tumeelewana," alisema Chapuchapu, na papo hapo akasikia alichokisema.

Lango la matoroli likafunguliwa.

Mama Pacha aliingia akihema, viatu vya barabarani miguuni, chupa ya chai kwapani, aproni haipo. Uso wake haukuwa ule aliotoka nao. Ulikuwa unang'aa. Leo, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, mumewe aliketi.

"Na huyu ni nani?" aliuliza Tajiri kwa ile sauti yake ya upole.

Chapuchapu alifungua mdomo. Aligeuka kumtafuta Miwani, na Miwani hakuwepo tena.

Mama Pacha hakuwahi kumwona Tajiri, kwa kuwa Tajiri alikuja siku zote yeye akiwa wodini. Alimchukulia kuwa ni mteja, mtu mzima mwenye adabu anayeuliza habari za watu. Akampa shikamoo, akaomba radhi kwa kuhema, akaiweka chupa chini. Kisha, huku akicheka kwa furaha, akaanza kumweleza mgeni yule alikotoka.